Ukuta Juu ya Mwamba Mkongwe

Je, wewe unayesoma, umewahi kujiuliza chini ya kitanda chako kuna nini? Sisemi vumbi wala viatu vya zamani. Nasema chini zaidi, chini ya sakafu, chini ya msingi wenyewe.

Kimya hakuwahi kujiuliza. Mumewe alikuwa mwashi wa mawe. Watu walimwita Mwamba, maana kila alipojenga alisema neno lilelile: "Hapa tumekaa juu ya mwamba mkongwe. Hautikisiki huu." Basi kuta zake alizipanga kwa mawe mazito na udongo tu. Hakuweka nondo. Hakuweka mkanda wa zege, ule unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na kuzishika kuta zote pamoja. Kwake mkanda ulikuwa mambo ya waoga.

Jina la Kimya alipewa na wifi yake, dada wa Mwamba, aliyekuwa akiishi nao. Wifi mwenyewe hakujua kunyamaza. Kila asubuhi aliketi jikoni kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, akichambua mchele na kumchokoza kaka yake.

"Kaka, huu ukuta wako umesimama kama mlevi. Tuufunge kamba?"

"Wewe chambua mchele. Mawe niachie mimi."

Kimya aliinamisha kichwa, akacheka kidogo.

Siku moja, mchana kweupe, ardhi ilitetemeka. Haikuchukua muda. Chai iliyokuwa mezani haikuwahi hata kupoa. Lakini ukuta wa jikoni uliangukia ndani, na wifi alikuwa kwenye kigoda chake.

Baada ya maziko nyumba iliingia baridi. Kimya aliosha vikombe, akajikuta ameosha na cha wifi. Mkeka wake mwenyewe wa kulalia aliuhamishia mlangoni. Alipoulizwa, alisema ndani kuna joto. Mwamba hakulia mbele ya mtu. Aliokota mawe yaleyale, moja moja, akaanza kuyapanga upya, vilevile kama mwanzo.

Katika chumba cha uani alikaa mpangaji wao, msichana aliyefanya kazi kwenye kituo cha kupima matetemeko. Alasiri moja alirudi, akamkuta Kimya anakwangua sufuria. Wali ulikuwa umeungua wakati Kimya akiukodolea macho ule ukuta.

"Shikamoo, baba," mpangaji alimsalimu Mwamba.

"Marahaba."

"Baba, nakuomba usiujenge hivyo."

Mwamba hakugeuka. "Ninyi si ndio wasomi? Hebu niambie, mwamba huu una umri gani?"

"Zaidi ya miaka milioni elfu mbili."

"Umesikia mwenyewe! Kitu kimetulia miaka yote hiyo, leo ndio kianze kutikisika?"

Mpangaji alichuchumaa karibu na sufuria. "Mama, huo ukoko umekushinda?"

"Nimekwangua mpaka mkono unauma."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaumwagia maji, niuache. Maji yakipenya chini yake, utalainika. Utabanduka wenyewe."

"Huko chini mambo ni hayohayo," mpangaji alisema. "Bara kongwe lina mzizi, mama. Ni mwamba mnene, mgumu, wa baridi, unashuka kilomita kama mia mbili. Huo mzizi ndio unaolituliza bara. Lakini kuna mahali ambapo sakafu ya bahari inazama chini ya bara. Inakwenda polepole, kama kucha inavyoota. Inazama na maji ndani ya mawe yake. Maji hayo yanapanda, yanaupenya mzizi, yanaulainisha. Na mzizi ni mzito. Ukilainika, vipande vyake vinabanduka, vinazama kwenye mawe ya moto yaliyo chini."

"Na pale palipobanduka?" Kimya aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Mawe ya moto yanapanda, yanaziba nafasi. Yakipoa yanakuwa mzizi mpya. Ila huo ni mwembamba, na una joto kuliko ule wa kale. Basi huku juu ardhi inavutwa, inapasuka. Pande mbili za ufa zikiteleza ghafla, ndilo tetemeko. Vipimo vyetu vinaonyesha hapa petu mzizi umebaki kama nusu."

"Mungu wangu! Tutazama?"

"Hapana, mama. Kazi hiyo ni ya mamilioni ya miaka. Huku juu mwamba ni uleule, ukiugonga nyundo unalia kama zamani. Kilichobadilika ni chini. Siku ya tetemeko hakuna aijuaye. Tunachoweza kukiandaa ni ukuta."

Mwamba aliliweka chini jiwe alilokuwa ameshika. "Kwa hiyo nimemuua dada yangu."

Mpangaji aliinuka. "Sijasema hivyo, baba. Nimesema ukuta haukufungwa."

Mwamba alitoka bila kuaga. Alirudi jua likizama, nondo begani.

Aliubomoa ukuta wote aliokwisha kuupanga. Akaujenga kwa saruji, akasimamisha nguzo za zege kwenye pembe, na juu ya milango akaizungushia nyumba nzima mkanda. Mpangaji akawafundisha jambo moja zaidi: ardhi ikianza kutikisika, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, shikilia mguu wa meza mpaka kutulie.

Tetemeko lilikuja tena, kabla ya mvua. Kimya na Mwamba waliingia chini ya meza ya jikoni, wameshikana kama watoto. Vikombe vilivunjika. Ukutani ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Ukuta haukuanguka.

Walitoka, wakausogelea. Kigoda cha wifi kilikuwa palepale. Mwamba aliupapasa ukuta kwa kiganja.

"Umeshika," alisema.

"Umeshika," Kimya aliitikia.

"Dada angekuwepo, angesema mlevi amelevuka." Mwamba alicheka kidogo.

Kimya hakucheka. Alikiokota kigoda, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

"Mume wangu, ule haukuwa utani. Wifi alitaka uufunge. Na mimi nilitaka, tangu siku ya kwanza. Niliogopa kukuambia."