Shingo ya Rasi ya Nkuba

Zamani hizo, kabla bunduki hazijafika katika ufalme wa Bunyaga, rasi ya Nkuba ilichomoza ziwani mbele ya mji mkuu, ikishikwa na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi. Hapo ukoo wa wachonga mitumbwi ulizika wafu wake, hadi mfalme alipoitamani rasi iwe malisho ya ng'ombe wake. Mzee Kyomya, mkuu wa ukoo, alikataa kuyaacha makaburi. Akachomwa mkuki, na mwili wake ukaachwa ukanyagwe na kwato.

Binti yake, Nabiryo, aliyaona hayo kutoka majini, akipiga kasia kukimbilia visiwani. Hakulia. Miaka yote ya ukimbizi alichonga mitumbwi ya vita na kuwafunza watu wa visiwani kupigana.

Alirudi asubuhi ya sikukuu ya ng'ombe, mfalme akiwa rasini na walinzi wachache. Wapiganaji wake waliruka nchi kavu pande zote mbili za shingo, ngao za ngozi zikabanana. Askari waliotoka mjini kuja kumwokoa mfalme walishindwa kupenya. Walinzi wa rasini walipoona wamezingirwa, wakatupa mikuki chini.

Mfalme aliletwa, vazi lake la gome limeraruka.

"Niue, binti Kyomya," alisema. "Lakini unizike kifalme."

"Baba yangu alizikwa vipi?"

Mfalme akainamisha kichwa.

"Basi hufi leo. Ng'ombe uliowapenda kuliko watu, utawachunga mwenyewe."

Ndugu wa mfalme, ambaye tayari alikuwa amekalia kiti cha enzi, alituma mjumbe kumuuliza Nabiryo anataka nini.

"Majembe," akajibu.

Yakaletwa upesi. Wakaichimba shingo mpaka maji ya pande mbili yakakutana. Nabiryo akakusanya mifupa ya baba yake, akaondoka nayo. Mfalme, asiyejua kuogelea, akabaki kisiwani akiutazama mji wake ng'ambo.

Mfalme huyo alipozeeka, watu wa ukoo wa Nabiryo walimwombea msamaha.

"Mwombeni aliyekanyagwa," Nabiryo aliwaambia. "Mimi sina wa kutoa."

Wafalme waliofuata walikifanya kisiwa gereza, kisha gati la chumvi. Siku hizi wavuvi huanika dagaa pale na kupaita Kwa Mchungaji. Ukiwauliza mchungaji huyo alikuwa nani, hawamjui. Mtu mmoja tu, watakwambia, wa ng'ombe.