Hadithi ya Letisia Kwenye Simu ya Mwalimu

Mwezi wa Juni, kijijini Bashay, Mbulu, kuna baridi. Ukungu hukaa juu ya mashamba mpaka saa tatu asubuhi. Nyumbani kwa Akonaay Sulle kazi huanza kabla ukungu haujaondoka. Akonaay hutoa ng'ombe zizini. Mke wake, Kornelia, hukamua maziwa na kupika uji. Binti yao, Letisia, huteka maji, humnawisha uso mdogo wake Hermani, kisha hukimbia shule.

Mwaka huo, 2018, Letisia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa darasa la sita. Nyumbani aliongea sana. Aliongea Kiiraqw, lugha ya kwao, na mama yake kuanzia jikoni mpaka shambani. Shuleni hakusema neno.

Hakuanza hivyo. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa wakati huo alimwambia asimame aeleze habari za kwao. Letisia alisema, "Tuna ng'ombe wanne na kondoo mbili."

Darasa zima lilicheka. "Wawili! Kondoo wawili!" walipiga kelele.

Letisia alikaa chini. Tangu siku ile, akiulizwa swali, aliangalia dawati tu.

Ripoti yake ya mitihani ya mwezi Juni ilikuwa mbaya. Kiswahili alipata kumi na tisa kwa mia. Akonaay aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Mama Letisia," alimwambia mke wake, "huyu mtoto shule imemshinda. Heri akae nyumbani atusaidie kazi ya vitunguu saumu. Mikono haitoshi."

Kornelia aliweka sufuria chini. "Shule haijamshinda. Kuna kitu kinamfunga mdomo. Kesho nakwenda kumwona mwalimu."

"Nenda. Lakini mwisho wa muhula ujao nataka kuona mabadiliko. Nisipoyaona, basi."

Asubuhi Kornelia alijifunga shuka lake, akaenda shuleni. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mgeni. Aliitwa Mectilda, mwenyeji wa Bukoba. Wanafunzi walimwita Madamu.

"Letisia si mjinga," Kornelia alisema hata kabla ya kukaa.

"Najua, mama," Madamu alijibu. "Nimeona michoro yake nyuma ya daftari. Inasema mengi. Sauti yake tu ndiyo sijaisikia. Lakini hata mimi nina tatizo. Ona."

Alimwonyesha rundo la madaftari.

"Niliwaambia waandike siku wasiyoisahau. Wako themanini na wawili. Zaidi ya hamsini wameandika kwamba walikwenda mbugani wakaona simba."

Kornelia alicheka. "Simba! Wamemwona wapi?"

"Kwenye kitabu. Ya kwao wanaona si hadithi. Muhula ujao nitajaribu njia nyingine. Niliiona kwenye semina ya walimu. Mtoto anasimulia jambo lake mwenyewe kwa sauti yake. Tunairekodi kwenye simu. Anachora picha, tunazipiga picha kwa simu hiyo hiyo, kisha tunaunganisha picha na sauti. Inakuwa kama filamu fupi ya dakika mbili."

"Simu ziko ngapi?"

"Moja. Hii yangu."

"Kwa watoto themanini?"

"Kwa watoto themanini na wawili," Madamu alisema. "Tutapeana zamu."

Shule ilipofunguliwa, Madamu alilitoa darasa nje. Aliwakalisha kwenye nyasi, watano watano. Hakuwapa kalamu.

"Leo hatuandiki," alisema. "Leo tunasimuliana. Msiniletee safari ya mbugani. Kila mmoja alete siku moja tu ya maisha yake. Ulikuwa wapi? Uliona nini? Ulifanya nini? Simulia kwa lugha unayoiweza vizuri. Kiswahili kitafuata."

Letisia alikaa na rafiki yake Angela na wasichana wengine watatu. Zamu yake ilipofika, aliwasogelea wenzake. Kisha akaanza kwa Kiiraqw, polepole. Alisimulia siku aliyozaliwa Hermani. Alipomaliza, Angela alikuwa anafuta machozi.

Madamu hakujua Kiiraqw, lakini aliona nyuso zao. Baadaye alimwita Letisia pembeni.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Hadithi uliyowasimulia wenzako, unataka tuirekodi? Au unataka ibaki yako mwenyewe? Vyote ni sawa. Anayeamua ni wewe."

"Nataka tuirekodi," Letisia alisema. Ukiacha salamu, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Madamu.

Lakini nyumbani kulizuka ugomvi. Letisia alipoeleza kazi aliyopewa, baba yake aligeuka.

"Mambo ya mama yako kujifungua yawekwe kwenye simu? Mbulu nzima iyatazame? Hapana."

Jumamosi mchana Madamu alifika nyumbani kwao. Kornelia alimpa kiti na maziwa. Akonaay alimsalimia vizuri, lakini hakutabasamu.

"Baba Letisia, nimekuja kuomba radhi," Madamu alisema. "Nilipaswa kuja kwenu kwanza, ndipo nianze. Hilo ni kosa langu."

Akonaay hakutegemea maneno hayo. "Endelea, mwalimu."

"Hadithi hii haitatumwa mtandaoni. Haitakwenda kwenye makundi ya simu. Sura ya mtoto haitaonekana, tunatumia michoro yake. Itaonyeshwa darasani na kwenye mkutano wa wazazi, nanyi mkikubali. Mkikataa, naifuta. Hadithi ni ya Letisia, lakini mama yake yumo ndani. Kwa hiyo mama naye ana neno."

Wote walimtazama Kornelia. Alimtazama binti yake.

"Aiseme," alisema. "Lakini, Letisia, ndani ya nyumba usichore. Chora mlango tu, umefungwa."

Akonaay alisema, "Basi. Mimi nitasikiliza siku ya mkutano."

Kazi ilianza. Letisia aliandika nusu ukurasa kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi. Palipomshinda, Angela alimsaidia. Alichora picha sita kwa penseli. Darasani mabati yalipiga kelele kwa upepo, kwa hiyo Madamu alihamishia kazi ya kurekodi katika stoo ya mahindi ya shule. Katikati ya magunia, sauti ilitoka safi.

Mara ya kwanza Letisia alisoma haraka kama anayekimbizwa.

"Weka karatasi chini," Madamu alisema. "Usinisomee mimi. Mwambie Angela."

Mara ya pili alikosea neno. Macho yalirudi chini.

"Ukikosea tunafuta, unarudia," Madamu alisema. "Simu haichoki, na hapa hakuna wa kukucheka."

Letisia alirudia. Mara ya tano Madamu aliona imetosha.

"Bado," Letisia alisema. "Hapo mwisho sijasema vizuri."

Alirudia mpaka mara ya nane. Alipojisikiliza, alitikisa kichwa kukubali. "Hii ndiyo yenyewe."

Mkutano wa wazazi ulifanyika mwisho wa muhula. Wazazi walijaa darasani, wengine walisimama dirishani. Mwalimu mkuu alileta kompyuta yake na spika ndogo. Hadithi ya Letisia ilikuwa ya nne. Ilionekana picha ya nyumba na mvua. Kisha sauti yake ikasikika:

"Jina langu ni Letisia Akonaay. Siku hiyo nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amekwenda mnadani Dongobesh. Mama alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Aliniambia, kimbia kwa nesi. Mvua ilikuwa inanyesha. Pale korongoni maji yalichukua kiatu changu kimoja. Nilifika zahanati. Nesi alikuwa mgeni, hakujua Kiiraqw. Nilitaka kusema Kiswahili, lakini maneno yote yalinikimbia. Nikasema tu, aayo, aayo, yaani mama. Nikamvuta mkono. Nesi alibeba mkoba wake, tukakimbia wote. Alipofika aliingia ndani akafunga mlango. Nikakaa nje. Niliogopa sana. Halafu nikasikia mtoto analia. Halafu nikasikia mama ananiita jina langu."

Picha ya mwisho ilikuwa ya mlango. Katika picha iliyotangulia ulikuwa umefungwa; sasa ulikuwa wazi, na ndani palikuwa giza tu.

Akonaay alisimama, kofia mkononi.

"Mimi nilirudi jioni," alisema. "Nilikuta mama amelala, mtoto amelala, nyumba imefagiliwa, nami sikuuliza kitu. Miaka mitatu nimewaambia watu kwamba Hermani alizaliwa bila shida yoyote." Alisita. Alimgeukia binti yake mbele ya watu wote. "Letisia, sikujua. Asante, mwanangu."

Letisia hakuangalia chini. "Karibu, baba," alisema.

Babu mmoja, Mzee Hhando, alinyoosha mkono. "Mwalimu, na wajukuu zangu wa darasa la tano watafanya lini?"

"Muhula ujao," Madamu alijibu. "Lakini kwanza nitafika nyumbani kwako kuomba ruhusa."

Watu walicheka, na mkutano ukaendelea.

Njiani kurudi, Akonaay alitembea mbele ya mke wake. Walipofika kwenye shamba lao, alisimama.

"Vitunguu tutavuna mimi na wewe," alisema. "Tukizidiwa, tutawaomba majirani."

"Nami nilikuwa nimeshawaambia," Kornelia alijibu.

Katika mtihani wa kumaliza mwaka Letisia alipata hamsini na sita katika Kiswahili. Hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Lakini Januari aliingia darasa la saba pamoja na wenzake. Siku ya kwanza Madamu aliuliza nani ataanza kusimulia habari za likizo. Kabla hajamaliza kuuliza, Letisia alikuwa amesimama.