Gurudumu la Kushoto

Kila asubuhi Mwavita aliamka wa kwanza. Alikunja godoro, akafungua kidirisha, akatoka nje kuwasha moto na kubandika uji. Feruzi, mumewe, aliamshwa na harufu ya moshi. Aliinuka haraka, akajigonga kichwa kwenye kabati la juu. Jana pia alijigonga hapo hapo. Watoto wao wawili, Bora na mdogo wake, walijifunika shuka wasionekane wakicheka.

Nyumba yao ilikuwa karavani, yaani chumba kidogo chenye magurudumu mawili kinachovutwa na gari. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu aliyependa kupumzika ufukweni mwa ziwa, hapo Kigwena. Vita vilipochacha aliondoka, akamwachia Feruzi, aliyekuwa dereva wake. Kwa miaka mingi karavani ilikaa tu chini ya michikichi, na kuku wa Mwavita wakataga ndani. Kisha nyumba ya Feruzi ikachomwa moto, yake na za jirani zake. Familia ilipona kwa kukimbilia msituni. Waliporudi walikuta karavani imesimama. Kuku wakatoka, watu wakaingia.

Sasa milio ya risasi ilianza kusikika tena milimani. Hadjara, dada yake Mwavita, alikaa Gitaza kwenye wavuvi wengi. Alituma salamu: "Uani kwangu kuna nafasi. Njooni na hiyo nyumba yenu."

"Tutaenda," alisema Feruzi. "Pikapu yangu ina nguvu. Hapa mpaka Rumonge, halafu tunaingia mu konvwa, tunafika."

Siku zile hakuna aliyependa kupita peke yake barabara ya ziwani. Magari yalikusanyika Rumonge asubuhi, yakaondoka kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Gari likiharibika njiani, msafara haukusimama. Kila mtu alilijua hilo.

"Na magurudumu?" aliuliza Mwavita.

"Yana nini? Tazama mipira, meno yake mapya kabisa."

"Imesimama miaka mingi, Baba Bora."

"Ndiyo maana haijachoka," Feruzi akajibu, akajiona amesema la maana.

Mwavita hakuridhika. Alituma ujumbe kwa Jephté, fundi aliyekimbia kutoka Uvira. Huko Jephté alitengeneza matrela ya bandarini. Sasa alikuwa na kibanda karibu na soko la Rumonge. Alikuja na baiskeli, sanduku la vyuma nyuma, akiimba.

"Amahoro, mama! Amahoro, muzee!"

Alikuwa mrefu, mchangamfu, na meno yake yalikuwa meupe mno. Feruzi hakuyapenda meno yale tangu mwanzo.

Jephté alichungulia ndani, akaona unyoya wa kuku umebaki pembeni.

"Mama, hawa kuku walikuwa wanakulipa loyee ya nyumba kila mwezi, ama walikaa bure?"

Mwavita akacheka. Hakucheka kidogo. Alishika mlango wa karavani kwa mikono miwili asianguke.

Feruzi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Tangu siku ya moto mkewe hakuwahi kucheka hivyo. Yeye alikuwa amejaribu kila njia, amembembeleza, amemletea kitenge, amemsimulia visa vya barabarani. Hakuambulia hata tabasamu. Leo mtu wa baiskeli anafika, anasema neno moja juu ya kuku, na kicheko kinamwagika! Wivu ulimshika.

Jephté aliinama kwenye tairi. "Muzee, usitazame meno tu. Tazama mbavu za mpira." Aliukandamiza kwa kidole gumba. Nyufa nyingi ndogo zikafunguka. "Unaona? Mpira inazeeka hata kama haitembei. Jua inaikula. Ukiipa uzito na moto wa barabara, inapasuka. Mbili zote tubadilishe. Na rulma je, ulishazifungua?"

"Rulma gani?"

"Zile beringi za ndani. Vyuma vinavyoacha gurudumu izunguke. Girisi yake imekauka zamani, bila shaka."

Siku ya pili Jephté alirudi na tairi mbili zilizotumika lakini zenye mpira mzima. Alikubali kulipwa mafuta ya mawese, bidoni moja, yaani dumu. Alizifunga, akazijaza upepo, akapima. Mwavita alimpikia. Feruzi alitazama sahani kwa makini. Fundi alipewa mgongo wa mukeke, samaki wa ziwani, penye nyama nyingi. Yeye, mwenye nyumba, alipewa mkia.

Baada ya kula, Jephté aliinua upande wa kulia kwa jeki. Feruzi alikaa pembeni, mikono kifuani, amenuna. Kwa hiyo fundi alimweleza Mwavita. Alitoa kifuniko, akachomoa pini, akafungua nati, akavuta kitovu cha gurudumu. Beringi zilikuwa kavu, girisi imekuwa ngumu kama ugali wa jana. Alizisafisha kwa mafuta ya taa, akazikausha kwa kitambaa.

"Nazitazama moja moja, mama. Ikiwa na mashimo, ama imegeuka buluu, tunatupa. Hizi bado nzuri."

Aliweka girisi mpya kiganjani, akaisukuma ndani ya beringi mpaka ikatokea upande wa pili. Siku zile nchi iliwekewa vikwazo, na girisi ilikuwa adimu kuliko sukari. Jephté aliitumia kidogo kidogo, lakini hakuibania beringi. Alirudisha kila kitu, akafunga nati, kisha akashika mkono wa Mwavita na kuuweka juu ya tairi.

"Zungusha. Sikia kama kuna kelele."

Mkono! Feruzi alisimama wima.

"Yatosha! Upande wa kushoto nitafanya mwenyewe."

"Muzee, imebaki kidogo tu..."

"Nimesema mwenyewe! Mimi nimeendesha magari kabla wewe hujavuka mpaka. Chukua sanduku lako. Chukua na hiyo girisi yako."

Jephté alimtazama Mwavita, akamtazama Feruzi, akafunga sanduku. Safari hii aliondoka bila kuimba.

Basi Feruzi akabaki na gurudumu, na girisi hana. Alizunguka, akafikiri, mwishowe akachota mawese kwenye chungu cha mkewe. Mawese yanalainisha wali, yanalainisha koo, yatashindwa chuma? Alizipaka beringi mpaka zikang'aa kwa wekundu. Kisha akashika spana na kukaza nati. Kila alipoizungusha aliyaona yale meno meupe, akaongeza nguvu. Mwisho aliikanyaga spana kwa mguu.

"Jephté alisema gurudumu lizunguke jepesi," Mwavita alisema kutoka mlangoni.

"Jephté si mume wako."

Asubuhi waliondoka. Mwavita na watoto walikaa mbele kwenye pikapu.

"Si wakae nyuma kwenye karavani? Huku tunabanana," alisema Feruzi.

"Jephté alisema mtu asikae ndani ya karavani ikitembea."

Feruzi aliuma meno, akatia gia.

Walifika Rumonge bila tatizo. Magari yalikuwa yamejipanga, malori ya samaki, mabasi madogo, pikapu zenye magodoro. Askari walikunywa chai. Feruzi akapata nafasi katikati, akafurahi. Mwavita alishuka, akaenda kwenye gurudumu la kulia, akasogeza mgongo wa mkono taratibu kwenye kitovu, kisha akakigusa. Kilikuwa na joto kidogo tu. Akazunguka kushoto. Kabla hajagusa, joto lilimpiga usoni. Na harufu! Harufu ya kukaanga.

"Feruzi! Gurudumu linaungua!"

Feruzi alikuja mbio, akaona moshi mwembamba. Alichukua bidoni ya maji.

"Usimwage! Chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka. Na maji yataingia ndani."

"Jephté alisema?"

"Ndiyo, Jephté alisema! Na pua yangu inasema pia!"

Dereva wa mbele aliwasha gari. Feruzi alifuta jasho. "Tutaenda polepole. Itapoa njiani."

Mwavita aliwashusha watoto, mmoja mmoja, akawashika mikono.

"Nenda wewe. Gurudumu likichomoka huko njiani, konvwa itakuacha. Hii ndiyo nyumba tuliyobaki nayo. Ukiipoteza na ukijipoteza mwenyewe, huo wivu wako utaulaza wapi?"

"Wivu gani?"

"Huo."

 Feruzi aliwatazama watoto wake kando ya barabara, akatazama moshi. Alihisi aibu, na chini ya aibu wivu bado ulikuwepo, mzima, haujapungua hata chembe. Akaenda nao hivyo hivyo mpaka sokoni.

Jephté alikuwa kwenye kibanda chake akila mhindi wa kuchemsha.

"Gurudumu la kushoto linaungua," alisema Feruzi. 

Jephté aliweka mhindi chini, akachukua sanduku.

Waliitoa karavani kwenye mstari. Walisubiri kitovu kipoe chenyewe. Jephté alipofungua kifuniko, uchafu mweusi ulichuruzika.

"Muzee! Humu ndani ulikuwa unakaanga visamaki vya ndagala?"

Mwavita akaangua kicheko. Ndiyo, kilekile. Feruzi alisikia damu ikipanda kichwani.

Jephté alijaribu nati. Haikufunguka. Aliining'inia spana kwa uzito wake wote ndipo ikalegea. "Nani alikaza hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini nguvu yote hiyo? Beringi ikibanwa inajisugua yenyewe mpaka inaungua. Na mawese ikipata moto inakuwa maji, inakimbia. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa na hasira na wewe."

"Na mimi? Nilikukosea nini?"

Feruzi alitazama chini. "Mke wangu alicheka."

Mwavita aliacha kucheka. Jephté aligeuka, akajifanya anatafuta kitu sandukuni, na akaendelea kukitafuta kwa muda.

"Feruzi," Mwavita alisema polepole, "tangu siku ya moto, kila ukiniona unaniuliza, umelia? Una huzuni? Usilie. Kila siku unanikumbusha moto. Huyu aliniuliza habari za kuku. Basi."

Feruzi alikaa chini kwenye vumbi. Hakujua kama acheke ama alie yeye.

Beringi za kushoto zilikuwa zimegeuka buluu. Hazikufaa tena. Jephté alitafuta kwenye vyuma vyake, akapata nyingine alizozitoa kwenye trela la kubebea mitumbwi. Alizilinganisha na zile za zamani, upana na unene, mpaka akahakikisha ni saizi moja. Wakati huo honi zililia. Msafara ukaondoka, gari baada ya gari, askari wa nyuma wakapita. Nafasi yao ikabaki wazi barabarani. 

Jephté alimpa Feruzi spana. "Safari hii utafunga wewe. Mimi nasema tu. Kwanza osha kitovu, mawese yote itoke. Sasa girisi. Sukuma, usipake juu juu. Haya, kaza nati huku mama anazungusha gurudumu. Inakuwa nzito? Sasa legeza. Kaza tena kwa vidole tu. Ndiyo. Tia pini mpya, ukunje miguu yake. Ile ya zamani ukiirudisha inakatika."

Feruzi alizungusha gurudumu. Lilizunguka jepesi, bila kelele. Alilishika juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Alilizungusha tena bila sababu, kwa kulipenda tu.

"Murakoze," alisema. Neno la shukrani lilitoka kwa shida, lakini lilitoka.

Kesho yake waliondoka na msafara mwingine. Jephté aliwaambia wasipakie vitu vizito nyuma kabisa, na wasisahau tairi ya akiba. Kila msafara uliposimama kwenye kizuizi, Feruzi alishuka na kugusa vitovu viwili.

"Wewe unafanya nini hapo?" askari mmoja aliuliza.

"Nayapima homa, shefu."

Askari alitikisa kichwa, akampungia mkono apite.

Mahali fulani kabla ya Gitaza waliona basi dogo limelala kando ya barabara. Gurudumu moja halikuwepo. Milango, viti, hata vioo, vyote vilikuwa vimeng'olewa. Lilikuwa kwenye msafara wa jana. Watu wake, walisikia baadaye, walidandia lori la samaki wakaokoka, lakini mali yote ilibaki. Mwavita aliwafunika watoto macho. Feruzi alishika usukani kwa nguvu, akayasikiliza magurudumu ya nyuma mpaka Gitaza.

Hadjara aliwapokea kwa vigelegele. Karavani ikawekwa uani, kando ya vichanja vya kukaushia ndagala. Feruzi alitia mawe nyuma ya magurudumu isisogee, akafunika tairi kwa magunia jua lisizile. Baada ya wiki chache madereva wa pale walianza kumwita awatazamie magurudumu, naye aliwatazamia, akimwonya kila mmoja juu ya mawese.

Siku moja Mwavita alitoka kwa dada yake na habari.

"Jephté anapita hapa kesho, anaenda Bujumbura kutafuta vyuma. Nimkaribishe chakula?"

Feruzi aliusikia wivu ukiinua kichwa. 

"Mkaribishe," alisema. "Mpe mgongo wa mukeke. Acheke, mcheke." Akafikiri kidogo. "Lakini kwenye mkeka, mimi ndiye nitakaa katikati."