Mlango wa Elfu Mia Mbili

Fundi wa milango ya chuma hakuwa na shida ya wateja. Walijaa bandani kwake tangu asubuhi, maana bei yake ilikuwa poa: mlango mzima elfu mia mbili. "Chuma nanunua elfu mia na thelathini," alizoea kujigamba. "Sabini inabaki, yangu safi."

Lakini hiyo sabini hakuiona hata siku moja. Malipo ya awali ya mteja wa leo yalinunua chuma cha mteja wa juzi. Cha mteja wa leo kikangoja pesa ya mteja wa kesho. Aliziba huku, kukafumuka kule, mpaka maji yakamfika shingoni.

Siku moja akaja mama mshonaji, aliyelipa nusu tangu mwezi uliopita. Alipewa kiti, hakuketi.

"Fundi, wezi wameingia kwangu jana. Mlangoni nilining'iniza turubai, nakusubiri wewe. Wamebeba cherehani."

Pesa ya mama huyu ilikuwa imeingia kwenye mlango wa mtu mwingine.

Nyumbani hakugusa chakula. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa amekuja kuwasalimu. Yeye hupiga hesabu za gharama kwenye kiwanda cha mikate.

"Nimekuwa mwizi, shemeji," fundi alisema, akamweleza yote.

"Hebu niambie. Ukiacha chuma, mlango unakula nini kingine?"

"Bawaba na kitasa, elfu ishirini. Vijiti vya kuchomelea na diski za kukatia, kumi na tano. Rangi, kumi."

"Umeme?"

"Kumi hivi."

"Vibarua?"

"Thelathini."

"Kodi ya banda?"

"Sitini kwa mwezi. Lakini hiyo si ya mlango."

"Ya nani basi? Kwa mwezi unatoa milango sita. Kila mlango ubebe elfu kumi. Na wewe unajilipa ngapi?"

"Mimi? Si kazi yangu mwenyewe?"

"Na tumbo ni la nani?" mkewe alidakia. Hakuna aliyecheka.

Wakaweka elfu ishirini za ujira wake. Shemeji akajumlisha.

"Elfu mia mbili arobaini na tano. Wewe unauza mia mbili. Kila mlango unakutia hasara ya arobaini na tano. Wateja wakiongezeka, hasara inaongezeka."

Fundi alishika kichwa. Miaka yote hiyo alidhani ana mkosi.

Pikipiki yake iliuzwa. Ikanunua chuma cha milango yote aliyokuwa anadaiwa, na wa mama mshonaji ukatangulia. Bei mpya ikawa elfu mia mbili na sabini, na pesa ya kila mteja ikanunua chuma chake mwenyewe. Wengi waliguna, wakaenda kwa mafundi wengine. Kibarua mmoja akaondoka. Kuna siku fundi alishinda bandani peke yake, amekata tamaa kabisa, lakini bei hakushusha.

Mlango wa kwanza wa bei mpya ulitoka siku ileile aliyoahidi. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu.

"Umebaki na chochote?" mkewe aliuliza.

"Nimelipa kila kitu. Ujira wangu huu hapa. Faida ilikuwa elfu ishirini na tano. Nimempelekea yule mama, aanze kudunduliza ya cherehani nyingine."

"Amepokea?"

"Amepokea. Hakunikaribisha ndani."