Aliyejiandika Jikoni kwa Namnyaki

Namnyaki alikuwa anamenya ndizi simu ilipolia mlio wa ujumbe. Aliusoma amesimama, akajikuta amekaa.

"Wifi, tumesoma blogu yako. Kumbe kaka yangu akiwa kitandani na dripu, Abdiel alikuwa anakula loshoro jikoni kwako. Mama hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Jumapili usimtarajie kanisani."

Akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena mpaka Esther, dada wa marehemu mumewe, akapokea.

"Esther, unasema nini?"

"Nasema ulichoandika mwenyewe. 'Abdiel alikula loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akasema imechacha vizuri, akaomba bakuli lingine.' Mwaka ule ule kaka anaumwa. Nimemsomea mama kwa mdomo wangu, wifi. Nilianza nacheka, nikamaliza sina sauti."

"Sijaandika hivyo. Niliandika Meshack."

"Basi blogu imejiandika yenyewe."

Simu ikakatwa.

Hiyo blogu Namnyaki aliianza wakati mumewe, Meshack Sumari, alipougua. Mgonjwa alikuwa anachagua chakula, Namnyaki anapika, halafu anaandika alichokula na alichosema. Meshack alipozikwa, aliendelea kuandika, na watu wa Maji ya Chai hadi Olasiti wakawa wanamsoma. Mama Sumari hakumfukuza wala kumnyang'anya shamba la kahawa, kama mama wakwe wengine wanavyojua kufanya. Abdiel, mwenye duka la steshenari pale Usa River, alipoleta posa, bibi huyo ndiye aliyesema, "Mwanangu, olewa. Nitakushika mkono mwenyewe mpaka madhabahuni." Jumapili hii ndoa ilikuwa itangazwe kanisani kwa mara ya kwanza.

Na blogu ilikuwa imejaa hovyo kama kapu la nguo chafu. Abdiel akajitolea kuipanga kwa mkono. Anafungua habari moja, anasahihisha herufi, anaipeleka kwenye kundi lake, anahifadhi, anafungua nyingine. Namnyaki akampa neno la siri. Mapenzi yana ujinga wake.

Sasa akafungua simu akasoma. Loshoro, Abdiel. Mtori wa asubuhi ya mvua, Abdiel. Siku mgonjwa alipocheka mpaka akakohoa, Abdiel. Aliondoka na kanga ile ile yenye utomvu wa ndizi, akashuka dukani kwa Abdiel.

Abdiel alikuwa anatoa fotokopi ya vyeti vya wateja.

"Karibu, mchumba. Leo umenikumbuka mchana?"

"Mwaka ule Meshack anaumwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Babati. Kwani vipi?"

"Mbona uko jikoni kwangu?"

Abdiel akazima mashine. Aliwaomba wateja warudi baadaye, na wao wakatoka kwa mwendo wa watu wanaotaka kusikia.

"Nilikuwa napanga, Namnyaki. Ulinituma nipange."

"Kupanga ni kuweka kitu mahali pake. Wewe umemtoa mtu mahali pake."

"Labda ni kompyuta. Hizi mashine saa nyingine zinageuza..."

"Usinifanye mtoto. Ungebonyeza kitufe kimoja majina yote yakageuka, ningekuita mjinga, jioni nikakupikia. Wewe ulifungua moja moja. Nilipoandika Meshack ana ndevu, ndevu umezinyoa. Nilipoandika amevaa koti la baba yake, umeweka jaketi lako la bluu. Hiyo ni mikono yako, Abdiel. Ulikuwa unakaa kibarazani kwangu, unakunywa chai yangu, unamfuta mume wangu huku nakutazama."

Abdiel aliishika kaunta kama mtu aliyepewa kesi.

"Nilichoka," akasema. "Kila nikifungua ni Meshack. Meshack amecheka, Meshack ameomba chai, Meshack amesema. Mimi nilikuwa wapi humo? Wanaume wenzangu wananiuliza kama nakwenda kuoa au kupanga chumba. Marehemu hagombani na mtu, Namnyaki, na bado ananishinda."

"Kwa hiyo ukaona uwe yeye."

"Nilitaka siku moja usome ukute mimi."

"Nimesoma. Na mama amesoma. Amekukuta unakula jikoni kwangu mwanawe anakata roho. Unajua nimekuwa nani leo katika ule mji?"

Hapo ndipo Abdiel alipoelewa. Mwanaume mzima, mwenye duka na akili zake, hakuwa amefikiria kwamba habari zina tarehe.

"Mungu wangu," akasema taratibu.

"Muache Mungu apumzike. Funga duka, tunapanda kwa mama."

"Sasa hivi? Si ungenipa hata..."

"Mama hajala."

Mama Sumari alikuwa amekaa nje, mgongo kwenye ukuta, uso kwenye migomba. Esther alisimama mlangoni, mikono kiunoni, kama askari wa geti.

"Shikamoo, mama," Namnyaki akasema.

Marahaba haikuja. Namnyaki alikuwa ameitikiwa na huyu mama hata siku ya msiba. Hasira ikampanda.

"Sema," akamwambia Abdiel. "Sema kama ulivyoandika."

Abdiel akapiga goti kwenye vumbi.

"Mama, mwaka ule sikuwa namjua huyu mwanamke hata kwa sura. Aliandika Meshack kila mahali. Mimi nimeondoa jina la mwanao nikaweka langu. Yeye hakujua."

Esther akashusha mikono. Mama Sumari akageuka polepole.

"Kwa nini hukumfuta tu, ukaacha patupu?"

"Nilifuta kwanza, mama. Habari zikawa na pengo. Mtu anapika, hakuna anayekula."

"Na wewe ukajipima, ukaona unaenea."

Mama akamnyooshea Namnyaki mkono.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Miaka yote nimekuona kwa macho yangu, nikakukataa kwa kusomewa. Esther, niletee chakula." Kisha akamtazama Abdiel. "Nawe inuka. Huo ni wivu, si ugonjwa mgeni kwa wanaume. Nimekusamehe. Jumapili nitakuja."

Abdiel akavuta pumzi kama aliyetua gunia.

"Mama," Namnyaki akasema, "wewe umemsamehe kama mzazi. Mimi ndiye ningekaa naye nyumba moja."

Akatoa simu, akapiga pale pale, mbele yao wote.

"Bwana asifiwe, mchungaji. Ni Namnyaki. Lile tangazo la ndoa, Jumapili msilisome."

"Kuna tatizo, binti?"

"Lipo, mchungaji. Nitakuja kueleza. Ila msilisome."

"Namnyaki," Abdiel akaita.

Alikata simu, akatembea kuelekea njiani. Abdiel akamfuata mpaka getini.

"Nitarudisha yote. Neno kwa neno, bado nayakumbuka."

"Najua unayakumbuka. Hilo ndilo linaloniuma. Nitarudisha mwenyewe, na neno la siri nimeshabadilisha."

"Nilikosea. Niadhibu unavyotaka, lakini usiniache hivi."

"Nilikupa kitu kimoja nisichompa mtu, ukakitumia kunichafua kwa mama yangu. Nenda nyumbani, Abdiel."

Hakwenda. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Basi nijibu moja tu. Katika maandishi yote yale, mimi ningekuja kupata nafasi?"

Namnyaki akafungua simu, akaenda juu kabisa ya blogu, kwenye rasimu ambayo hakuwa ameirusha, akamkabidhi. Abdiel akasoma midomo ikicheza.

"Leo nimepika nikiwa naimba, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, kuna Abdiel. Nilidhani sitampikia tena mtu kwa furaha. Anakula taratibu, anaosha bakuli lake mwenyewe, na akiondoka nyumba inakuwa kubwa. Meshack, huyu ungempenda. Mimi nampenda."

Akarudia mstari wa mwisho.

"Uliandika lini hii?"

"Siku uliyonivisha pete. Nilikuwa nimeiweka, niirushe Jumapili tukishatangazwa."

"Sikuiona."

"Ungeionaje? Ulianzia za zamani, ukawa unapanda nazo moja moja." Akaichukua simu yake mkononi mwa Abdiel. "Ungefika tu, Abdiel."

Akamtoa nje, akafunga geti, akarudi kumpakulia mama.