Kwenye Changarawe za Mto Ambler

Injini ilikohoa mara tatu, ikatema moshi mweusi, ikazimika. Mbele yao palikuwa na milima. Chini, mto uliogawanyika, na katikati yake kisiwa cha changarawe. Orrin Kessel akaielekeza ndege huko. Magurudumu yaligonga, yakaruka, yakagonga tena. Ndege iliposimama, Marlys alikuwa na damu kwenye nyusi.

"Unaona vizuri?" Orrin akamuuliza.

"Nakuona wewe. Inatosha."

Ndege hiyo Orrin aliiunda kwa mikono yake gerejini, sambamba na ya rafiki yake Glenn, mume wa Marlys. Walitumia ramani moja na injini za aina moja. Ya Glenn ilianguka ziwani mwaka uliopita, na yeye ndani. Sasa walikuwa wakienda kufunga kibanda chake cha uwindaji.

Walibonyeza kifaa cha kuita msaada. Jibu likaja kwa maandishi: mawingu yamefunga njia, helikopta haiwezi kufika kabla ya keshokutwa. Mvua ilikuwa ikinyesha milimani. Orrin alichomeka kijiti ukingoni mwa maji. Baada ya saa moja kijiti kilikuwa ndani ya mto.

"Keshokutwa hapa patakuwa na samaki," Marlys akasema.

Jua la Julai halikuzama, kama kawaida ya kaskazini hiyo ya mbali. Hawakulala. Mara mbili Orrin alisikia injini mbali, juu ya mawingu, ikikohoa vilevile. Akamtazama Marlys. Naye alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Hakuna ndege iliyopita.

Asubuhi Orrin alifungua plagi za injini. Zilikuwa nyeusi, zimelowa petroli. Akafungua kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, kidude cha ukubwa wa kidole kinachoiambia kompyuta ya injini petroli iongezwe au ipunguzwe. Ncha yake ilikuwa imegandwa na utando wa kijivu. Akaukwaruza kwa ukucha, akaketi kwenye changarawe.

"Nini?" Marlys akauliza.

"Madini ya risasi. Yamo kwenye petroli ya ndege, ile ya mapipa. Yameua kipimo. Kinadanganya kwamba petroli haitoshi, kompyuta inazidi kumimina, injini inazama ndani ya petroli."

"Si huwa unatumia petroli ya magari?"

"Kiangazi hiki haikuletwa. Wala mwaka jana."

Marlys aliacha kujifuta damu iliyokauka.

"Glenn hakukitaka kidude hiki," Orrin akasema. "Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia ni mshamba. Nikakifunga mwenyewe kwenye ndege yake."

Mto ulikuwa umefika kwenye gurudumu la nyuma. Marlys aliutazama, kisha ndege.

"Inaweza kuruka bila hicho?"

"Nikikitoa kabisa, kompyuta itafuata hesabu zake za kudumu. Injini itakunywa petroli vibaya, lakini ndege itaruka."

"Basi kitoe. Mengine utayasema ukiwa hai."

Orrin alizisafisha plagi kwa brashi ya meno, akaziba tundu la kipimo kwa boliti. Walitupa mahema, bunduki, hata viatu vya akiba. Marlys alitembea peku kwenye maji ya barafu akiondoa mawe makubwa njiani, hadi miguu ikafa ganzi na Orrin akalazimika kumbeba hadi kitini.

Injini iliwaka, ikanguruma sawasawa. Magurudumu yalikuwa tayari yanapasua maji walipoiacha ardhi.

Walifuata mto chini ya mawingu hadi Kotzebue, mji alikoishi mama yake Glenn. Ndege iliposimama, Marlys hakufungua mkanda.

"Polisi waliniuliza kama Glenn alikuwa analewa tena," akasema. "Nikawaambia ndiyo. Sikuwa nimeona chupa, Orrin. Nilikisia tu. Mama yake hajaniangalia usoni tangu siku hiyo, na mimi nimemchukia marehemu mwaka mzima."

Orrin akafungua mkanda wake mwenyewe.

"Tunakwenda kwa mama yake sasa hivi," Marlys akasema. "Wewe utaanza. Kisha nitasema yangu."

Orrin akamshika Marlys mkono ili ashuke, kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado haina hisia, wakaanza kuvuka uwanja polepole.