Diski Inayojifagia

Alhamisi, saa 4:20 asubuhi, Waya alimaliza chai akiwa amesimama, akavaa viatu bila soksi, akamwambia mama yake atarudi kula. Karani alikuwa anamsubiri nje ya geti. Walikuwa wanaenda kutazama kazi. Mchana mama alimwekea chakula akakifunika. Jioni alikifunua, akakitazama, akakifunika tena.

Jumamosi Karani alikuja peke yake, laptopu ya Waya kwapani. Alieleza kwamba kijana aliiacha kule wanakokutana, amepata safari ya ghafla, wasimtafute. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Binti yake, dada mkubwa wa Waya na dereva wa genge lao la wezi, ambaye wenzake walimwita Dada, alisimama mlangoni akimtazama Karani usoni. Karani alikuwa akiitazama laptopu.

Wiki sita zikapita. Simu ya Waya haikupatikana hata mara moja.

JUMAPILI, SAA 9:00 ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la matairi. Watu watatu, viti vinne. Funguo, mtu wa makufuli, alikuwa ametundika koti lake kwenye kiti cha nne. Dada aliliondoa, akamtupia magotini.

Karani aliwahi kuwa karani kweli. Mpango aliuandika kwenye kipande cha boksi, kila dakika na kazi yake. Mama wa Waya amepeleka laptopu kwa fundi, alisema, ili atafute vitu vilivyofutwa. Na Waya alikuwa na tabia ya kurekodi vikao vyao kwa sababu hakuamini kichwa chake. Milango, saa, majina. Yakipatikana hayo, wote ndani. Fundi hufunga saa saba kwenda kula. Mlango wa nyuma una kufuli kuukuu. Dakika nne.

Dada aliuliza kwa nini yeye asiende tu na risiti ya mama akaichukua. Karani akasema fundi huenda ameshanakili. Zitachukuliwa pia diski zote za mezani.

"Basi tuzitupe mtoni," Dada akasema.

"Maji hayafuti." Karani alishusha sauti. "Na kufuta kwa kawaida ni kung'oa namba ya mlango. Aliyemo ndani bado yumo. Hata ukijaza mafaili mengine juu yake, hizi diski za SSD zina vyumba vya akiba usivyovifikia. Dawa ni moja. Unaiamuru diski yenyewe ijisafishe yote." Akaweka flashi mezani. "Tutaifanya humo humo garini. Tukisimamishwa njiani, chombo kiwe kitupu."

Funguo alicheka. "Umesomea wapi, mwalimu? Juzi hapa ulikuwa unamwita Waya akuwekee vocha."

"Mtu akiogopa, anasoma."

Dada alimtazama Funguo. Funguo alitazama koti lake.

JUMATATU, SAA 3:40 ASUBUHI

Dada alitumwa kuchungulia karakana. Aliingia na risiti ya mama mkononi. Meza mbili, taa ya kuinamisha, bisibisi zimepangwa kwa urefu. Fundi, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliijua laptopu ile hata kabla ya kusoma namba.

"Ya yule mama anayetaka sauti ya mwanawe," alisema. "Dada, nisikudanganye. Hakuna kitu."

Alimweleza taratibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Rekodi zote zilifutwa kwa mkupuo. Siku ile kompyuta imeiandika yenyewe: Ijumaa, saa tano asubuhi. Kama ingezimwa siku ile ile na kuletwa, pengine angeokota chochote. Lakini diski hizi si kama zile za zamani. Ukifuta faili, kompyuta huiambia diski kwamba nafasi ile haina kazi tena. Diski ikipata umeme na kupumzika, inajifagia yenyewe polepole, haimsubiri mtu. Na hii iliwashwa kila siku, wiki sita.

"Nani alikuwa anaiwasha?" fundi aliuliza.

Dada alijua. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, mama aliifungua ili aione picha ya Waya kwenye kioo. Alifuta vumbi kwa ncha ya nguo. Kisha aliiacha kwenye umeme mpaka usiku, isije ikazimika na yenyewe.

"Umeshamwambia mama?"

"Nitampigia kesho. Lazima ajue sababu, asije akapoteza hela kwa fundi mwingine."

Dada akamwomba asimpigie mpaka Jumatano. Fundi akakubali. Dada alitoka, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Waya aliondoka Alhamisi. Karani alileta laptopu Jumamosi. Ijumaa ilikuwa mikononi mwa nani?

JUMANNE, SAA 7:06 MCHANA

Uchochoro nyuma ya karakana. Funguo alipiga goti mlangoni. Mikono yake ilizoea kufungua sefu huku akipiga mluzi. Leo kipini cha kufungulia kilimponyoka mara mbili.

"Una nini leo?" Dada alimuuliza kutoka dirishani.

"Njaa."

Alikuwa ametoka kula. Dada alimwona.

SAA 7:13. Kufuli liliachia. Dakika tatu zaidi ya mpango. Karani aliingia mwenyewe, jambo asilolifanya kamwe. Siku zote alibaki garini na saa yake. Alirudi na laptopu kifuani na mfuko wa diski. Alikuwa analowa jasho.

Sheria ya genge ilikuwa ya zamani. Hakuna bastola, maana bastola huongeza miaka. Na wanaume wawili hulala kiti cha nyuma, gari lionekane la mwanamke peke yake. Dada aliondoa gari bila haraka. Karani alipokuwa ndani, Funguo akichungulia mlangoni, alikuwa ameshuka akageuza vile vitufe vya milango ya nyuma vinavyozuia watoto kufungua kwa ndani.

SAA 7:22. Karani alichomeka flashi. Dada alimwona kwenye kioo, uso umepakwa mwanga wa buluu. Angeweza kumwambia kwamba anafagia chumba kitupu. Aliendesha polepole kwenye mashimo, laptopu isije ikaanguka.

SAA 7:24. "Imekwisha," Karani alisema. Akaegemeza kichwa, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, mabega yake yalishuka.

Dada alisubiri taa za barabarani ziwe kijani.

"Fundi alinipa nakala jana," alisema. "Nimeisikiliza yote."

Akakanyaga mafuta.

"Mwongo huyu," Karani akasema. "Funguo, mwongo. Nyamaza."

Lakini Funguo alikuwa amekaa wima, mikono kichwani, kama mtu aliyeshikwa tayari.

"Mimi nilishika miguu tu," alisema. "Dada, wallahi, miguu tu. Alikuwa ameshakata roho. Karani alisema mdogo wako anaturekodi atuuze. Machimbo ya kokoto, nyuma ya ile mashine mbovu. Nilimfunika na koti langu jingine."

Karani alimpiga ngumi ya mdomo. Akavuta mlango. Haukufunguka. Akajaribu kupenya kati ya viti vya mbele, akamshika Dada shingo. Kucha zilizama. Dada hakuachia usukani. Alipiga honi, akaishikilia, akakata kona, akaingia moja kwa moja geti la kituo cha polisi na bampa likaning'inia kwenye kizuizi. Askari wanne walitoka mbio. Alichomoa ufunguo wa gari, akautupa dirishani, akanyoosha mikono.

Funguo aliwaonyesha mahali jioni ile ile. Walichimba kwa sepetu, wakimalizia kwa mikono.

Fundi alikuja kutoa ushahidi wa mlango uliovunjwa na mali iliyoibwa. Kabla hajapanda kizimbani, Dada alimwomba kitu kimoja kwa macho, na yule bwana hakutaja jinsi diski ilivyojifagia nyumbani kwa mama. Mama aliambiwa, na ameamini, kwamba sauti ya mwanawe ilifutwa na Karani garini, Jumanne, saa saba na dakika ishirini na nne. Amemlaani kwa hilo kuliko hata kwa lile jingine.

Karani alipewa kifungo cha maisha. Funguo, miaka kumi na miwili. Dada alihukumiwa saba kwa kazi zote alizoendesha, naye hakukata rufaa.

Mama huja gerezani kila Jumatano. Wanapewa dakika kumi na tano.